MSANIFU NA WENYE KAZI: NANI HUAMUA MFUMO WA TAASISI?

Katika ofisi nyingi za umma siku hizi jambo hili hutokea. Wafanyakazi huitwa ukumbini asubuhi, huonyeshwa michoro ukutani, huambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao kazi yao itafanywa kwa mfumo mpya wa kompyuta, kisha huulizwa kama wana maswali. Maswali mawili matatu huulizwa, mengi yakiwa juu ya posho ya mafunzo. Mwenyekiti hushukuru. Taarifa ya kikao huandika kwamba wadau wameshirikishwa. Miezi sita baadaye karani yule yule huandika kila jambo mara mbili: mara ya kwanza katika mfumo mpya kwa sababu ameamriwa, na mara ya pili katika daftari lake la zamani kwa sababu ndilo linalomwezesha kufanya kazi.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mambo huenda hivyo, na ni masharti gani hayana budi kutimizwa ili yasiende hivyo. Hoja yake ya msingi ni hii: kupanga mfumo wa habari wa taasisi ni kugawa madaraka ndani ya taasisi hiyo. Anayeamua ni habari gani ikusanywe, nani aiandike, nani aione na nani aisubiri, ameamua pia nani atamwajibikia nani. Jambo la namna hiyo haliwezi kuachiwa wataalam peke yao, hata wawe hodari na waaminifu namna gani. Wala haliwezi kuamuliwa bila wataalam.

1. Usanifu wa taasisi ni kitu gani?

Tuanze na maana, maana neno lisipoeleweka mjadala huwa kelele. Mtu anayejenga nyumba humwita msanifu achore ramani. Taasisi kubwa nayo, kama wizara, benki, shirika la reli au hospitali ya mkoa, ina mambo mengi yanayotegemeana: kazi zinazofanywa, watu wanaozifanya, habari zinazopita kutoka idara hadi idara, na mitambo inayozihifadhi. Kila idara ikinunua mfumo wake bila kuangalia jirani, taasisi hujikuta kama mji uliojengwa bila ramani: barabara hazikutani, na bomba la maji la huyu hupita juu ya shimo la choo cha yule. Usanifu wa taasisi ni kazi ya kuchora ramani ya jumla ya mambo hayo yote na kukubaliana juu ya njia ya kutoka hali iliyopo kwenda hali inayotakiwa.

Mmarekani John Zachman, katika makala yake ya mwaka 1987 iliyochapishwa katika jarida la kampuni ya IBM, alisaidia kueneza fikra hiyo. Alionyesha kwamba nyumba moja ina michoro mingi. Mwenye nyumba anataka kuona vyumba na baraza; msanifu anaona vipimo; fundi anaona matofali, mbao na misumari. Hakuna mchoro mmoja ulio wa kweli kuliko mwingine, kwa kuwa kila mmoja unajibu swali la mtu mwingine. Kadhalika katika taasisi: mkurugenzi, mhasibu, mganga, karani na mtunza mitambo wanatazama kitu kimoja kutoka pande mbalimbali.

Katika fikra hii kuna funzo ambalo mara nyingi husahauliwa. Kama kila mhusika anaona upande wake, basi hakuna mhusika, pamoja na msanifu mwenyewe, anayeona pande zote. Wahenga walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua kwamba jiko linafuka moshi ni mpishi. Msanifu anajua bomba la moshi linavyojengwa. Hajui upepo unaingilia dirisha lipi saa za jioni mpaka aambiwe.

2. Funzo la nyumbani: Hazina, 1965 hadi 1974

Nchi yetu ililipata funzo hili mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini kazi ya kuweka hesabu za Serikali katika mtambo iliharibika, fedha nyingi zilitumika bila faida iliyotarajiwa, na hesabu zikarudishwa katika njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalum. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980.

Wako wanaolisimulia tukio hili kama kichekesho, wakidai kwamba viongozi wa wakati ule waliogopa maendeleo. Tukilichunguza kwa makini tunaona jambo jingine. Mtambo uliletwa pamoja na wataalam wa kigeni, na ufundi wote wa kuupangia kazi ulikuwa mikononi mwao. Wahasibu wa Kitanzania, waliojua vocha inatoka wapi na inapita kwa nani, hawakuwa na elimu ya mtambo; wenye elimu ya mtambo hawakuijua njia ya vocha. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na daraja. Mahali pasipo na daraja hapawezi kuwa na uamuzi wa pamoja, hata kama watu wanakaa katika jengo moja.

Marufuku ilizuia hasara isiendelee, lakini haikujibu swali lenyewe: je, wenye kazi na wenye ufundi watakaaje pamoja ili mfumo uwe wao wote? Wakati huo huo, nchi nyingine iliyo mbali sana na yetu ilikuwa inalishughulikia swali hilo hilo.

3. Mafundi wa chuma wa Norway

Kristen Nygaard alikuwa mtaalam wa kompyuta wa Norway. Katika miaka ya 1960, yeye na Ole-Johan Dahl walibuni huko Oslo lugha ya kompyuta iitwayo Simula, iliyotumika kuchunguza na kupanga kazi za viwanda na mashirika. Nygaard akaona jambo lililomsumbua. Chombo alichokibuni kilikuwa kikitumiwa na menejimenti kuzipanga upya kazi za watu ambao hawakuulizwa neno. Aliyelipwa kuchora alimchorea aliyemlipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nygaard alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida: watafiti wangetembelea viwanda, wangewauliza wafanyakazi wanataka nini, halafu wangeandika ripoti. Haukupita muda ikadhihirika kwamba ripoti hizo zisingewasaidia wafanyakazi. Zingewekwa kabatini, na siku menejimenti italeta mfumo mpya, wafanyakazi wangekuwa na karatasi lakini wasingekuwa na nguvu. Mpango ukageuzwa. Iliamuliwa kwamba matunda ya utafiti yatahesabiwa kwa vitendo ambavyo chama cha wafanyakazi kitavifanya chenyewe, kiwandani au kitaifa. Matawi ya chama katika viwanda vilivyochaguliwa, kimojawapo kikiwa cha mji wa Kongsberg, yaliunda vikundi vya kujifunza na kuchunguza mifumo iliyokuwa inaletwa. Vitabu vya mafunzo viliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wenyewe.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa Norway walitia saini mapatano ya nchi nzima juu ya mifumo ya kompyuta kazini. Ndani yake mna mambo matatu yanayofaa kukaririwa na kila kada. Kwanza, wafanyakazi wapewe habari za mfumo unaokusudiwa mapema, kabla uamuzi haujafanywa. Pili, habari hizo zitolewe kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalam. Tatu, wafanyakazi wawe na haki ya kumchagua mwakilishi wao wa mambo ya kompyuta, mwenye ruhusa ya kuziona nyaraka zinazohusika. Mwaka 1977 sheria ya mazingira ya kazi ya Norway ikaongeza haki ya wafanyakazi kupata mafunzo na kushiriki katika kupanga mifumo hiyo.

Tuangalie vizuri kilichobadilika. Michoro ilikuwa ile ile na mitambo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba upande wa pili wa meza ulipata elimu, ulipata wakati, na ulipata haki iliyoandikwa.

4. Kutoka Cape Town hadi Unguja

Fikra hizo zilifika Afrika kwa njia ya watu. Mwaka 1994, Afrika ya Kusini ilipoung'oa ubaguzi wa rangi, wanaharakati wa afya wa nchi hiyo wakishirikiana na watafiti kutoka Norway, akiwemo Jørn Braa wa Oslo, walianza mpango wa mfumo wa habari za afya katika wilaya za Cape Town.

Urithi waliokuta ulikuwa mbaya. Ubaguzi ulikuwa umeigawa huduma ya afya katika idara 14, kila moja na fomu zake. Katika hali ya namna hiyo hata kuhesabu watoto ni taabu. Kama kituo kimoja kinamhesabu mtoto hadi umri wa miaka 5 na cha jirani hadi miaka 6, jumla yao haina maana, na waziri anayepanga chanjo kwa jumla hiyo anapanga gizani.

Njia rahisi ingekuwa kuwafungia wataalam chumbani mpaka watoe fomu moja ya nchi nzima. Waanzilishi wa mpango walifuata njia ndefu zaidi. Wauguzi, viongozi wa wilaya na wakuu wa mikoa walikaa kujadili: kati ya habari zote tunazoandika, ni zipi kweli tunazitumia? Yasiyotumika yakafutwa, na orodha fupi ya habari za lazima ikakubaliwa. Kisha ikawekwa kanuni moja yenye busara kubwa: kila ngazi ina uhuru wa kuongeza habari inazozihitaji kwa kazi yake, mradi inapeleka juu zile ambazo ngazi ya juu imekubaliwa kuzipata. Wilaya haikunyang'anywa akili yake, na taifa halikukosa jumla yake. Programu ya kompyuta iliandikwa kufuata makubaliano hayo, ikarekebishwa mara kwa mara kadiri watumiaji walivyoijaribu na kuilalamikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo huo ukawa wa nchi nzima.

Kutoka huko ukafika Zanzibar katikati ya muongo huo. Visiwani kulikuwa na tatizo linalojulikana na kila muuguzi wa nchi zetu. Mradi wa malaria ulikuwa na fomu yake, wa UKIMWI yake, wa chanjo yake, na mtu wa kuzijaza zote ni mmoja, huku wagonjwa wamekaa barazani wakimsubiri. Kazi ya kuoanisha fomu ilihitaji kila mradi ukubali kupunguziwa kitu. Aidha, ilianzishwa mikutano ya kila robo mwaka ambamo wilaya zilisimama mbele ya wenzao na kueleza takwimu zao. Wilaya moja ikieleza, nyingine zilihoji: mbona akina mama waliojifungulia kituoni ni wengi kuliko waliotarajiwa kujifungua? Mbona miezi miwili ina tarakimu zile zile? Katika kujibu, makosa ya uandishi yalionekana, na makosa ya fomu zenyewe yalionekana pia. Vipimo visivyofaa viliondolewa. Hivyo mtumiaji wa mfumo akawa mmoja wa wasanifu wake, bila kulazimika kujua kuandika programu.

Toleo la baadaye la mfumo huo, DHIS2, lilienezwa nchi nzima Kenya mwaka 2011, likaenea Tanzania Bara miaka michache baadaye, na leo linatumika katika makumi ya nchi. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Kadiri mfumo unavyokua, ndivyo muuguzi wa zahanati anavyokuwa mbali na mahali uamuzi unapofanyika. Wafadhili huongeza vipimo vyao, wizara huongeza vyake, na orodha iliyofupishwa kwa jasho hurefuka tena. Ushirikishwaji wa jana hautoshi kwa leo. Ni kama kupalilia: aliyepalilia msimu uliopita hawezi kuonyesha shamba la mwaka jana kama hoja.

5. Uingereza: fedha haziwi badala ya makubaliano

Mtu anaweza kudhani kwamba matatizo haya ni ya nchi maskini. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuunganisha habari za wagonjwa wote wa England, watu wapatao milioni 50, katika mfumo wa kitaifa wa huduma ya afya. Nchi iligawanywa katika kanda 5, na mikataba mikubwa ikasainiwa kwa haraka. Mwaka 2006 mkaguzi mkuu wa nchi hiyo alikadiria kwamba gharama ingefikia pauni bilioni 12.4 kwa muda wa miaka 10.

Fedha zilikuwapo na wataalam walikuwapo. Kilichokosekana kilitajwa mwaka 2007 na kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali: wizara ilikuwa imeshindwa kuwachukua pamoja nayo madaktari wengi na wahudumu wengine, ambao ndio wangeutumia mfumo kila siku. Mfumo uliamuliwa katikati, ukanunuliwa katikati, kisha ukapelekwa hospitalini kwa watu wenye njia zao za kazi ambazo hakuna aliyekuja kuzitazama. Mwezi Septemba 2011 Serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, ingawa sehemu zake kadhaa zilibaki na zinafanya kazi.

Funzo lake ni la moja kwa moja. Makubaliano yasipotafutwa mwanzoni hutafutwa mwishoni, na mwishoni huwa ghali zaidi, kwa sababu mkataba umekwisha kusainiwa na kila badiliko lina bei yake.

6. Kushauriwa na kuamua ni mambo mawili

Sasa tufike kwenye kiini. Viongozi wengi watasema: sisi tunawashirikisha watu. Tunaitisha mikutano. Neno hili "kushirikisha" lina upana mkubwa mno, na ndani ya upana huo urasimu hupata maficho.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, akiandika juu ya mipango ya miji, alilifananisha neno hilo na ngazi ya vipandio 8. Vipandio 2 vya chini ni hila tu: watu wanaitwa ili watulizwe. Vya katikati ni kupewa habari, kuombwa ushauri na kupozwa. Hapo watu wanasema, lakini hakuna kinachomlazimisha mkubwa kusikia. Katika vipandio vya juu tu ndipo watu wanakuwa na sehemu halisi ya uamuzi.

Historia yetu wenyewe inalo ushahidi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Shabaha ilikuwa nzuri. Lakini mabaraza yalipewa kazi ya kushauri, na wakubwa wa mashirika walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Katika sehemu nyingi mfanyakazi aliona upesi kwamba anaitwa kusikiliza mipango iliyokwisha kupangwa. Mtu akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu hunyamaza. Na kiongozi asiyechunguza huuita ukimya huo ridhaa.

Kwa hiyo kipimo cha ushirikishwaji ni kimoja, na kila kada anaweza kukitumia bila kuwa mtaalam. Uliza hivi: baada ya mkutano, ni kitu gani katika mchoro kilibadilika kwa sababu ya yale waliyosema wenye kazi? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi palikuwa na hotuba. Hapakuwa na uamuzi wa pamoja.

7. Pingamizi: manahodha wengi

Yapo pingamizi, na hayafai kupuuzwa. Wahenga waliosema penye wengi hapaharibiki neno ndio waliosema manahodha wengi chombo huenda mrama. Msanifu atalalamika kwamba akimsikiliza kila mtu hatamaliza kazi. Kwamba karani anatetea daftari lake kwa mazoea tu. Kwamba idara zinaficha habari zisionekane makosa yao. Mengi katika malalamiko hayo ni kweli. Wahusika si kitu kimoja. Mkuu wa idara na karani wake wanaweza kuwa na masilahi yanayopingana, na mgonjwa au mkulima anayehudumiwa anaweza kuwa na masilahi yanayopingana na wote wawili. Mfumo unaoonyesha wazi faili la mwananchi limekaa siku ngapi mezani kwa nani hautapendwa na mwenye meza.

Lakini pingamizi hizi hazijengi hoja ya kumwachia msanifu peke yake. Zinajenga hoja ya kugawa maamuzi kwa utaratibu. Katika chombo, abiria na mwenye mali ndio wanaoamua safari ni ya Pemba au ya Mafia. Nahodha anaamua tanga lipandishwe vipi. Na nahodha ana wajibu wa kusema wazi kwamba kwa upepo huu Pemba haifikiki leo. Hali kadhalika, lengo la mfumo, habari za lazima na haki ya kuziona ni maamuzi ya wenye kazi na wanaohudumiwa, chini ya viongozi wanaowajibika. Aina ya mtambo, njia ya kuhifadhi na ulinzi wake ni ya wataalam kupendekeza na kutetea. Gharama, muda na hatari ni mambo ya meza moja, kwa sababu hapo ndipo lengo na ufundi hukutana. Ile kanuni ya Afrika ya Kusini, ya orodha fupi ya lazima pamoja na uhuru wa kila ngazi kuongeza yake, ni mfano wa ugawaji wa namna hiyo.

8. Masharti ya uamuzi wa pamoja

Kutokana na yaliyoelezwa tunaweza kutaja masharti sita.

Kwanza, wahusika watajwe wote kwa kazi zao kabla ya kuanza: anayeandika habari, anayeisoma, anayeitegemea, na anayeandikwa. Huyu wa mwisho ndiye husahauliwa kuliko wote.

Pili, waingie mapema. Kuwaita watu baada ya mkataba kusainiwa ni kuwaita kwenye arusi baada ya mahari kulipwa na mwali kuondoka.

Tatu, pawe na lugha moja. Mchoro wenye visanduku na mishale ni lugha ya msanifu. Aitafsiri kwa Kiswahili cha kazini. Njia nzuri zaidi ni kuwapa watu kitu cha kushika. Katika miaka ya 1981 hadi 1985, wafanyakazi wa magazeti wa nchi za Skandinavia na wataalam wao walitengeneza vielelezo vya mitambo kwa mbao na makaratasi, kisha wakajaribu kuvifanyia kazi kama kwamba ni mitambo halisi. Mpanga kurasa ambaye asingeweza kusema lolote juu ya mchoro aliweza kusema mara moja: hapa mkono wangu haufiki.

Nne, pawe na wakati. Muuguzi anayetakiwa kujadili mfumo baada ya zamu ya usiku hajashirikishwa. Saa za kujadili ni saa za kazi, na zihesabiwe katika gharama za mradi.

Tano, pawe na mwakilishi aliyechaguliwa na wenzake, mwenye haki ya kuziona nyaraka, na anayerudi kwao kutoa taarifa. Mwakilishi aliyeteuliwa na mkubwa humwakilisha mkubwa.

Sita, uamuzi uandikwe: tumeamua nini, kwa sababu gani, nani alipinga na kwa hoja ipi, na lini tutarudi kuutazama. Kumbukumbu hiyo inamlinda msanifu dhidi ya lawama za baadaye, na inamlinda mfanyakazi dhidi ya kuambiwa kwamba alikubali asichokikubali.

9. Hitimisho

Tanzania ya leo si ile ya mwaka 1974. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia mifumo ya Serikali, na malipo, ardhi, afya na elimu vinazidi kupita katika kompyuta. Wasanifu vijana wa Kitanzania wapo. Daraja ambalo halikuwapo Hazina sasa linaweza kujengwa na wananchi wenyewe, kwa lugha yao wenyewe. Lakini hatari ya zamani inaweza kurudi katika sura ya Kitanzania: mtaalam akawa wa hapa hapa, na bado karani akabaki na madaftari mawili.

Wajibu wa kada ni kuwa upande wa daraja hilo. Hatakiwi kujifanya mtaalam. Anatakiwa kuuliza maswali yanayoulizika na kudai majibu yanayoeleweka. Akiingia katika ofisi yenye mfumo mpya, asianze na chumba cha mitambo. Aende kwa karani, amsalimu, akae naye, na amwombe amwonyeshe droo. Kama daftari la zamani bado limo humo na linaandikwa, kazi ya usanifu haijakwisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika taasisi yako, ni habari gani huandikwa kila siku ambazo hujapata kuona zikitumika? Nani aliamua ziandikwe?

2. Toa mfano mmoja wa mkutano ambapo maoni ya wafanyakazi yalibadilisha mpango, na mmoja ambapo hayakubadilisha. Tofauti ilitokana na nini?

3. Ni maamuzi yapi ya mfumo unaoufahamu yangefaa kuachiwa wataalam, yapi wenye kazi, na yapi wote pamoja? Eleza sababu.